Jumapili Juu ya Kuta za Bergamo

Kuna watu wanaodhani kwamba siku ya mapumziko ni siku tupu, isiyo na faida ila kuupumzisha mwili kwa ajili ya kazi za kesho yake. Walakini iko miji iliyofundishwa na msiba kwamba Jumapili ya kutembea polepole pamoja na marafiki ni mali kama mali nyingine, nayo yaweza kuondolewa ghafula mikononi mwa mwenyewe. Mji mmoja wa namna hiyo ni Bergamo, ulio kaskazini ya nchi ya Italia, yapata kilomita 50 kutoka mji mkubwa wa Milano.

Bergamo ni miji miwili katika mmoja. Mji wa chini umejengwa penye tambarare, nao una maduka, benki, viwanda na kituo cha treni. Mji wa juu ni wa kale, umekaa juu ya kilima kama kilemba juu ya kichwa cha mzee, nao umezungukwa na kuta za mawe. Siku ya Jumapili watu wa chini hupanda kwenda juu, wakubwa kwa wadogo. Hawana shughuli huko. Hupanda kwa sababu baba zao na babu zao walifanya vivyo hivyo.

Jumapili moja ya mwezi wa Januari, miaka michache baada ya msiba wa mwaka 2020, marafiki wanne walipatana kuonana mbele ya kituo cha treni saa nne asubuhi. Mwezi huo katika nchi zile ni wakati wa baridi kali. Jua huchelewa kutoka na kuwahi kuzama. Miti mingi haina jani hata moja. Pumzi ya mtu huonekana mbele ya uso wake kama moshi wa kiko. Na milima iliyo nyuma ya mji huwa imevaa theluji.

Wa kwanza wao alikuwa muuguzi wa hospitali, mwanamke mwenye maneno machache. Wa pili alikuwa mwalimu wa shule, mwanamke mcheshi ajuaye habari za kila jiwe la mji wake. Wa tatu alikuwa seremala, ambaye baba yake naye alikuwa seremala. Watatu hao walikulia mtaa mmoja. Wa nne alikuwa karani wa ofisi moja ya Milano, mzaliwa wa Napoli upande wa kusini ambako baridi si kali hivyo. Yeye alisoma chuo kimoja na mwalimu, na kwa njia hiyo alijuana na wenzake. Alikuwa amevaa koti mbili, moja juu ya nyingine, na mkononi alishika karatasi aliyoandika mambo 14 ya kutazamwa siku hiyo, kila moja na saa yake.

"Bwana Karani," mwalimu akamwambia akicheka, "hiyo ni Jumapili au ni hesabu ya ghala?"

Seremala alichelewa kufika. Hata alipofika alisimama ng'ambo ya barabara kwa muda, mikono yake mifukoni, kama mtu aliyesahau jambo nyumbani na hajui kama arudi au aende. Muuguzi alivuka akamwendea, wakasemezana kidogo, kisha wakaja pamoja. Karani hakuelewa maana ya jambo hilo. Wale wengine wawili walielewa, kwa kuwa walijua kwamba seremala hakupanda mji wa juu siku ya Jumapili tangu mwaka 2020.

Yako mabehewa yanayovutwa kwa kamba ya chuma kutoka mji wa chini mpaka wa juu, nayo yalianza kazi mwaka 1887. Karani alikwisha kuyaandika katika karatasi yake. Lakini seremala alisema kwamba kama ni kupanda, yeye hupanda kwa miguu, maana ndivyo alivyozoezwa na baba yake. Basi wakaenda kwa miguu, wakipita njia ya mawe yenye ngazi, mpaka wakafika penye daraja refu la matao liingialo katika lango la Mtakatifu Yakobo, lililojengwa kwa mawe meupe yenye wekundu kidogo. Hapo karani alipumua kwa nguvu, akavua koti moja.

Kuta zile zilianza kujengwa mwaka 1561 kwa amri ya serikali ya Venezia, ambayo iliutawala mji wa Bergamo tangu 1428 hata 1797. Urefu wake wapita kilomita 6. Ili kupata nafasi ya kuzijenga, nyumba nyingi zilibomolewa, na hata kanisa kuu la kale la Mtakatifu Alessandro lilivunjwa. Wenyeji walilia na kunung'unika, lakini amri ni amri. Na ajabu ni kwamba tangu siku hiyo hakuna jeshi lililopata kuzizingira kuta hizo. Mizinga ilingoja adui asiyekuja. Mwaka 2017 kuta hizi ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na ngome nyingine za Venezia, na siku hizi watoto hucheza juu yake, na wazee hukaa penye viti wakiota jua.

"Kwa hiyo gharama yote ilikuwa bure," karani akasema.

"Labda adui hakuja kwa sababu aliziona," mwalimu akajibu.

Muuguzi aliweka mkono wake juu ya jiwe la lango, akasema taratibu, "Tena yuko adui asiyetazama malango." Hakuongeza neno, nao wakaendelea na safari.

Barabara za mji wa juu ni nyembamba, na nyumba za pande mbili hukaribiana kana kwamba zinanong'onezana. Walipita uwanja mdogo ambao tangu zamani huitwa Soko la Viatu, kisha wakafuata njia ya katikati mpaka wakatokea ghafula katika Uwanja wa Kale, Piazza Vecchia. Katikati pana chemchemi ya mawe meupe yenye sanamu za simba, zawadi ya liwali wa Venezia aliyeitwa Alvise Contarini, mwaka 1780. Upande mmoja liko jengo la baraza la zamani lililosimama juu ya matao, na kando yake mnara mrefu wa kengele ambao watu huuita Campanone, maana yake kengele kubwa.

Saa ya karani ilikuwa imekaribia saa sita na nusu. Alikuwa akitaka kupanda mnara upesi, lakini seremala alimshika bega akamvuta chini ya matao. "Ngoja," akamwambia. "Hiki hakimo katika karatasi yako."

Juu ya tao moja pana bamba la duara lenye tundu dogo, na chini katika sakafu pana mstari mrefu wa marmar, uliochorwa mwaka 1798. Mwangaza wa jua hupita katika tundu lile na kuanguka sakafuni kama sarafu ya dhahabu. Sarafu hiyo hutembea polepole, na inapougusa mstari ndipo ilipo adhuhuri ya kweli ya Bergamo. Wakati wa joto, jua likiwa juu sana, mwanga huanguka karibu na tao. Wakati wa baridi, jua likiwa chini, hufika mbali kabisa. Hivyo mstari ule huonyesha mchana na pia huonyesha majira ya mwaka. Na kwa kuwa saa za mkononi za nchi zile hufuata jua la mahali palipo mashariki zaidi, adhuhuri ya Bergamo katika mwezi wa Januari huja kama nusu saa baada ya saa sita.

Wanne hao walisimama kimya, na pamoja nao watu wengine kumi hivi wasiojuana, wote wakikodolea macho nukta ya mwanga. Ilipougusa mstari, mtoto mmoja alipiga makofi. Seremala alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Baba alinileta hapa kila Jumapili ya baridi iliyokuwa na jua," akasema. "Alikuwa akiniambia kwamba saa ya mkononi ni ya mwajiri, na saa hii ni yetu wenyewe."

Karani aliitazama saa yake, akaitazama sakafu, kisha akaikunja karatasi yake mara mbili na kuitia mfukoni.

Njaa ilipowashika waliingia katika mkahawa mdogo wa mama mmoja mzee aliyemfahamu seremala tangu utoto. Mama huyo alimtazama kwa muda, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, asiseme neno. Kisha akawaonyesha meza iliyo karibu na moto. Ukutani palikuwa na picha ya Papa Yohana wa 23, ambaye watu wa huko humsema kana kwamba ni jirani yao. Alizaliwa mwaka 1881 katika kijiji cha Sotto il Monte, si mbali na Bergamo, katika nyumba ya watu waliolima shamba la mwenye ardhi na kugawana naye mavuno. Alichaguliwa kuwa Papa mwaka 1958. Wakristo wa Afrika ya Mashariki wanamkumbuka kwa kuwa ndiye aliyempa Askofu Laurean Rugambwa wa Tanganyika cheo cha kadinali mwaka 1960.

Chakula kilicholetwa ni kile ambacho mgeni wa kutoka Kenya angekitambua kabla ya kuambiwa jina lake. Kinaitwa polenta, nacho ni ndugu wa ugali: unga wa mahindi uliosongwa kwa mwiko katika sufuria kubwa la shaba, muda wa saa nzima au karibu yake. Watu wa milima ya Bergamo huchanganya unga huo na unga wa nafaka nyingine yenye rangi ya kijivu, kisha hutia siagi na jibini mpaka ukivutwa unafanya nyuzi. Pamoja nacho ililetwa nyama iliyopikwa kwa mvinyo mpaka ikalainika.

Karani alikula kwa furaha, akasema kwamba watu waliokula hivi kila siku walikuwa na bahati. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Hawakula hivi," akamwambia. Kisha akamweleza habari ambayo kila mkulima wa mahindi ingemfaa kuijua. Mahindi yalitoka Amerika. Yalipoenea katika mashamba ya kaskazini ya Italia, yalizaa kuliko nafaka za zamani, na wenye ardhi wakafurahi, kwa sababu waliweza kuuza ngano yote na kuwaachia wakulima mahindi peke yake. Basi wakulima walikula polenta asubuhi, polenta mchana na polenta usiku, bila maziwa wala nyama. Baada ya muda ukatokea ugonjwa. Ngozi ya mikono na shingo ilipasuka na kuwa ngumu, tumbo likaharibika, mwisho akili ikapotea, na wengi walipelekwa katika nyumba za wenye wazimu, ama wakafa. Mwaka 1771 tabibu mmoja wa Milano, Francesco Frapolli, aliuandika ugonjwa huo kwa jina la pelagra, yaani ngozi iliyokauka na kukwaruza. Uliwatesa watu wa sehemu zile zaidi ya miaka 100.

Wataalamu walibishana. Wako waliosema ni sumu ya mahindi yaliyooza, wako waliosema ni uchafu. Mwishowe, katika karne ya 20, huko Marekani, daktari Joseph Goldberger alionyesha kwamba chanzo ni upungufu wa chakula, na mwaka 1937 ikajulikana kwamba kilichopungua ni vitamini iitwayo niasini. Katika mahindi imo, lakini imefungwa, mwili hauwezi kuipata. Watu wa Mexico, waliokuwa na mahindi kabla ya wote, tangu kale huyachemsha pamoja na chokaa au majivu, na kwa kufanya hivyo huifungua. Wazungu waliichukua mbegu, wakaacha maarifa ya kuipika.

"Kwa hiyo mahindi hayakuwa na kosa," karani akasema.

Mama mzee alikuwa akiondoa sahani, naye akajibu kabla ya mwalimu. "Mwanangu, polenta haina kosa lo lote. Kosa ni kuiacha peke yake. Hakuna kitu kinachofaa kikiachwa peke yake, wala mtu."

Alisema neno hilo kama asemavyo mtu neno la kila siku, akaenda zake jikoni. Lakini seremala aliweka uma wake chini, akatazama moto kwa muda mrefu.

Baada ya chakula walivuka uwanja kwenda kanisa la Santa Maria Maggiore. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1137, na mapokeo ya mji husema kwamba lilitokana na nadhiri ya watu walioomba kuepushwa na maradhi. Kando yake iko nyumba ya kaburi ya jemadari Bartolomeo Colleoni, yenye ukuta wa marmar nyeupe na nyekundu, iliyojengwa katika miaka ya 1470. Penye wavu wa chuma ulio mbele yake iko ngao ya ukoo wake, ambayo imeng'aa kwa kushikwa na mikono ya watu watafutao bahati. Karani aliishika pia, akaona haya kidogo.

Ndani ya kanisa seremala ndiye aliyekuwa mwalimu. Aliwaongoza mpaka mbele, penye viti vya wanakwaya, akawaonyesha picha ambazo hazikuchorwa kwa rangi, bali ni vipande vidogo vya mbao za namna nyingi vilivyokatwa na kupachikwa pamoja. Mchoraji Lorenzo Lotto, aliyekaa Bergamo tangu 1513 hata 1525, ndiye aliyebuni michoro. Fundi Giovan Francesco Capoferri, mtu wa sehemu zile, ndiye aliyeigeuza kuwa mbao. Seremala alieleza jinsi fundi anavyotafuta mti wenye rangi ya ngozi, na mti wenye mistari kama maji, na jinsi anavyochoma ukingo wa kipande ili kupata kivuli. Mbele ya picha ya safina ya Nuhu alisimama kuliko mahali pengine. Humo wanyama wanaingia, na maji yanangoja.

"Baba alisema kipande kimoja hakina maana," akasema. "Ukikiokota sakafuni utakitupa motoni."

Katika kanisa hilo liko pia kaburi la Gaetano Donizetti, mtunzi wa muziki aliyezaliwa Bergamo mwaka 1797 na kufa humo mwaka 1848. Hapo mwalimu alimkumbusha karani kwamba tarehe 28 Juni 2020 muziki wa Donizetti wa kuwaombea wafu ulipigwa mbele ya makaburi makuu ya mji, na Rais wa Italia akiwapo, kwa ajili ya wote waliokufa bila kuzikwa kwa heshima. Seremala hakuwako siku hiyo. Aliusikiliza kwa mbali, akiwa karakanani, mlango umefungwa.

Ilipotimia saa kumi na nusu walitoka, wakaenda kutembea juu ya kuta. Jua lilikuwa likishuka upande wa tambarare, na nchi yote ya chini ilikuwa imefunikwa na ukungu mwembamba wenye rangi ya shaba. Nyuma yao theluji ya milimani ilikuwa ikigeuka kuwa nyekundu. Mamia ya watu walikuwa wakitembea pale, wengine na mbwa, wengine wakisukuma vigari vya watoto. Wote wakienda mwendo wa mtu asiyengojewa mahali. Karani na mwalimu walitangulia kidogo. Hapo ndipo seremala alipouliza swali ambalo hakuliuliza kwa miaka yote ile.

Mambo yaliyotangulia swali hilo ni haya. Mwezi wa Machi 2020 ugonjwa wa korona uliingia Bergamo kwa nguvu iliyopita sehemu nyingi za dunia. Katika mkoa huo idadi ya waliokufa mwezi ule ilipita mara tano ya desturi. Gazeti la mji, ambalo kila siku lilikuwa na ukurasa mmoja au mbili za matangazo ya vifo, lilifikisha kurasa kumi. Watu walifungiwa majumbani. Mikutano ya mazishi ilikatazwa. Tarehe 18 Machi malori ya jeshi yalipita usiku yakichukua majeneza kuyapeleka kuchomwa katika miji mingine, kwa kuwa mahali pa Bergamo palikuwa pamejaa. Wakati huohuo mafundi wa mji walijitolea, pamoja na askari wastaafu wa milimani na vijana wapenzi wa mpira, wakajenga hospitali katika jumba la maonyesho kwa muda wa siku chache tu. Seremala alikuwa miongoni mwao. Alikuwa akipiga msumari wakati simu ilipomwambia kwamba baba yake, aliyepelekwa hospitali siku tano mbele, amefariki. Majivu yalirudi baada ya wiki kadhaa, katika kisanduku alichokipokea mlangoni.

Basi akamwuliza muuguzi, "Ndugu yangu, nieleze kweli. Je, walikufa peke yao?"

Muuguzi hakujibu upesi. Angaliweza kusema neno la kufariji, kama wasemavyo watu wengi, lakini seremala alikuwa ameomba kweli. "Sikuwa katika chumba cha baba yako," akamwambia. "Nisikudanganye. Wako waliokufa usiku, na sisi tulikuwa wachache, wala hatukuwahi. Lakini nitakuambia tuliyoyafanya pale nilipokuwa mimi. Tuliandika majina yetu juu ya nguo zile za kujikinga, maana nyuso zetu hazikuonekana. Tulishika simu masikioni mwao ili wasikie sauti za watoto wao. Na pale ambapo hapakuwa na simu, tuliwashika mkono. Mimi sijui majina ya wote. Mikono naikumbuka."

Seremala alisimama, akashika ukingo wa ukuta. Kuta zile zilijengwa kwa ajili ya mizinga, na jioni ile zilimfaa mtu mmoja kuegemea. Alilia kidogo bila kujificha, na muuguzi alisimama ubavuni mwake, wala hakumwambia anyamaze. Mwalimu na karani waliporudi, karani alielewa pasipo kuambiwa. Alivua lile koti lake la pili, akamtwika seremala mabegani.

Treni ambayo karani alikusudia kuipanda iliondoka bila yeye. Wanne hao waliingia mahali penye joto, wakanywa chokoleti ya moto, wakazungumza habari za utotoni: jinsi seremala alivyovunja dirisha la kanisa kwa mpira, na jinsi baba yake alivyolitengeneza kimyakimya usiku kabla padri hajaamka. Walicheka mpaka watu wa meza nyingine wakacheka nao.

Saa nne usiku walikuwa tena katika Uwanja wa Kale, wakiwa wamesimama karibu karibu kwa ajili ya baridi. Kila usiku, saa hiyo, kengele ya Campanone hupigwa mara 100. Zamani ilikuwa onyo kwamba malango ya mji yanafungwa, na aliye nje aharakishe kuingia. Malango hayafungwi tena, lakini kengele hupigwa vilevile. Seremala aliwaambia kwamba alipokuwa mtoto baba yake alimwambia ahesabu kitandani, naye hakupata kufika hata 60 kabla ya usingizi kumchukua. Usiku huo alihesabu kwa sauti ndogo. Walipofika 60 mwalimu alianza kuhesabu pamoja naye, kisha muuguzi, kisha karani kwa lafudhi yake ya kusini. Wakafika 100, kengele ikanyamaza, na mlio wake ukabaki hewani kwa kitambo.

Karani alitoa karatasi yake akaitazama chini ya taa. Katika mambo 14 alikuwa ameona matano. Hakulalamika. Aliandika chini yake, kwa kalamu, tarehe ya Jumapili nyingine, akawapa wenzake waisome, na seremala akawa wa kwanza kusema kwamba atakuja.

Wazee walisema mtu ni watu. Kwa mwaka mmoja mji wa Bergamo uliamriwa kuishi kana kwamba neno hilo si kweli, tena kwa sababu njema, ili kuokoa maisha. Sasa Jumapili wenyeji wake hupanda tena kilima chao, taratibu, wawili wawili na wanne wanne, na hakuna amwulizaye mwenzake anakwenda kufanya nini huko juu.